ELIYA ALILALA, AKALA, AKATEMBEA



Leo naongea na wewe uliye chuoni. Wenzako hosteli wanadhani unasoma, kumbe umelala ukiangalia ukuta. Pesa za HELB hazijaingia, alama za somo moja zimepotea, na nyumbani wanahesabu siku za gredi. Jumapili unaimba na kwaya. Ukirudi chumbani unafunga mlango na pazia. Hii ni wiki ya tatu. Umeanza kujiuliza kama Mungu amekuacha.

Fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli juzi tu, moto umeshuka mbele ya watu wote. Sasa yuko chini ya mretemu, anaomba afe. Tena mtumishi wake alimwacha Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake.

Ona Mungu alivyomshughulikia. Hakumkemea. Hakumwambia imani yake ni haba. Alimwacha alale. Akamtuma malaika na mkate na maji, mara mbili. Kisha Eliya akatembea siku 40 mpaka Horebu. Mazungumzo mazito yalikuja baada ya usingizi, chakula na safari.

Mungu alianza na mwili, mpendwa.

Mwaka wa 2022 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha uchambuzi wa tafiti 15 zilizofuatilia watu zaidi ya 190,000. Waliofanya mazoezi sawa na kutembea kwa haraka saa mbili na nusu kwa wiki, hatari yao ya kupata sonona ilikuwa chini kwa asilimia 25 kuliko wasiofanya kabisa. Waliofanya nusu ya hapo, asilimia 18. Nusu hiyo ni dakika 75 kwa wiki, hazifiki 11 kwa siku. Haimaanishi kila anayetembea hataugua. Inamaanisha kidogo unachoweza si bure.

Kuna atakayenijibu kwa 1 Timotheo 4. Ni kweli, Paulo anaweka utauwa juu ya mazoezi ya mwili. Lakini hakusema mazoezi hayana faida. Na mwili huo huo ndio hekalu tunalolihubiri kila Jumapili.

Sasa nawe rafiki yake, sikia. Aliyezama hawezi kuinuliwa kwa kuambiwa "fanya mazoezi" kwenye WhatsApp. Kuvaa viatu tu kwake ni mlima. Usimtume, mwendee.

Kijana mmoja wa chuo alikuja kwangu akiwa ameacha kwenda darasani. Tuliomba. Kisha nikamwambia, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa kwenye geti yenu." Siku ya kwanza tulifika stendi ya matatu tukarudi, hakusema neno. Wiki ya pili ndipo aliponiambia ni siku ngapi hajala vizuri. Kuna mambo mtu hawezi kukuambia mkitazamana ofisini, lakini mkitembea bega kwa bega yanatoka. Alikwenda pia kwa mshauri wa chuo, na daktari akampa dawa. Maombi, dawa na kutembea havikugombana hata siku moja.

Kwa hiyo wiki hii fanya jambo moja. Toka nje dakika 10 kabla ya kufungua simu. Zunguka uwanja, panda ngazi, cheza mpira na makomredi. Omba ukitembea. Na kama unawaza kujiua, usingoje mazoezi wala ibada ya Jumapili. Mwambie mtu leo, akupeleke hospitali leo. Kutafuta msaada si dhambi.

Tuombe: Baba, mguse mwanao aliyelala chini ya mretemu. Mpe usingizi, mpe mkate, mpe nguvu za hatua ya kwanza, na umpe mtu wa kutembea naye. Katika jina la Yesu.

Sema AMINA, kisha mtafute mmoja ambaye hujamwona darasani wiki hii. Mwambie mkutane getini kesho.