Akiba na Lundo

Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi, na kwa methali hiyo waliziokoa nyumba nyingi na njaa. Lakini yeyote aliyekaa Bukavu, mji unaonyeshewa mvua tangu Septemba hadi Mei, anajua kwamba kitambaa huoza. Huanza kwa madoa meusi madogo katika mikunjo; hufuata harufu ya ukungu; kisha siku moja ukikivuta kwa vidole viwili, kinachanika bila sauti. Je, methali imetudanganya? Sidhani. Mara nyingi tunakiita akiba kitu ambacho jina lake halisi ni lundo. Tofauti ya maneno hayo mawili niliifahamu vizuri mwezi wa Julai uliopita, katika chumba cha kushonea cha mama yangu mkubwa.

Mama mkubwa ameshona kwa zaidi ya miaka 20 katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, chenye urefu wa hatua nne na upana wa hatua tatu. Humo zilitoka sare za shule, nyeupe na bluu, kila mwanzo wa mwaka wa masomo. Humo zilitoka nguo za sikukuu ya wanawake ya tarehe 8 Machi, nguo za kwaya, za ubatizo na za ndoa. Macho yake yalipoanza kuchoka, aliamua kwamba mashine zake mbili zisikae kimya: wasichana watatu wa mtaani, ambao masomo yao yalikatika kwa kukosa karo, wangekuja kujifunza ufundi kwake. Azimio lilikuwa jema, ila hapakuwa na mahali pa kuwaketisha. Kati ya mlango na dirisha ilibaki njia ya mtu mmoja tu. Mashine ya pili, ile ya kukanyaga kwa miguu, ilikuwa imegeuka kuwa meza ya mifuko. Aliniita akaniambia: “Mwanangu, njoo unisaidie. Watoto hawa hawawezi kujifunza wakiwa wamesimama.”

Kabla ya kulihukumu lundo, yafaa tulitendee haki. Katika Kivu yetu wapo wengi waliokimbia nyumba zao na kurudi wakakuta kuta tupu. Mtu aliyepatwa na hayo hatupi hata kifungo. Kila kipande humnong'oneza: nitakufaa siku moja. Na kweli, mara nyingine hufaa: kipande chenye upana wa viganja viwili hutoa mfuko wa sketi, ukosi wa shati au kofia ya mtoto mchanga. Kwa hiyo anayeingia chumba cha namna hiyo akiwa na haraka ya kutupa hugombana na mwenye chumba, naye hustahili kugombezwa. Mama mkubwa alinionya tangu asubuhi ya kwanza: “Hapa hakuna takataka. Kuna vitu ambavyo bado havijaulizwa.”

Basi tukaanza kuviuliza. Viwanda vya Japani vina utaratibu wa kupanga mahali pa kazi, ambao hospitali za Tanzania zilipoupokea ziliupa maneno matano ya Kiswahili yanayoanza kwa herufi moja: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mpangilio wa maneno hayo una hekima yake. Kusasambua, yaani kutenganisha kinachohitajika na kisichohitajika, kunatangulia kupanga. Wengi wetu huanza kinyume: tunakwenda sokoni kununua ndoo zenye vifuniko na masanduku, tunalijaza lundo ndani yake, na mwisho tunakuwa na lundo lililofungwa vizuri. Sisi hatukununua chochote. Tulitandika turubai uani, kwa kuwa Julai ni kiangazi na jua lenyewe ni dawa ya ukungu, tukatoa kila kitu nje hadi sakafu ikaonekana.

Kila kitu kiliulizwa maswali mawili: wewe ni wa nani, na una kazi gani? Nyuzi zilijibu upesi. Uzi wa pamba uliokaa miaka mingi katika unyevu hukatika ukiuvuta ghafla. Uliokatika tuliuweka kando kwa ajili ya kupiga bandi tu, ule mshono wa muda unaofumuliwa baadaye. Sindano za mashine tulizitenga kwa namba zilizochongwa juu yake: namba 90 kwa kitenge, namba 100 na 110 kwa jinzi na vitambaa vizito. Zipu zilipangwa kwa urefu, vifungo kwa rangi katika chupa za kioo. Vitenge tulivipima vyote. Kipande kamili ni yadi 6, karibu mita 5 na nusu; kilichobaki yadi 2 bado ni nguo ya mtu. Kilichokuwa chini ya hapo kilikwenda kwa wanafunzi, wajifunze kushona mstari ulionyooka bila kuogopa kuharibu. Vibaki vidogo kuliko kiganja vikawa vijazo vya mito. Chini kabisa tulikuta kitenge cha Sotexki, kile kiwanda cha Kisangani, ambacho mama mkubwa alikuwa akikitunza tangu ujana wake. Nilipouliza kina kazi gani, alijibu: “Hicho kazi yake ni kunikumbusha.” Kikarudi kabatini kwa heshima, kimoja tu. Kumbukumbu ni kazi halali, mradi isikalie chumba kizima.

Ndipo tukafika kwenye mifuko iliyokuwa juu ya mashine. Ilikuwa 11. Kila mmoja ulikuwa na kitambaa cha mteja na kipande cha karatasi chenye vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Hapo swali la kwanza, wewe ni wa nani, lilikuwa na jibu zito. Hivyo havikuwa vyetu. Havikuwa akiba wala mabaki, vilikuwa amana. Na amana iliyofunikwa na lundo, hata kama hakuna aliyekusudia kumnyima mtu haki yake, imekwisha kumpotea mwenyewe.

Tulipiga simu, tukauliza katika jumuiya ndogo, tukatuma watoto mtaani. Kwa majuma mawili tuliwapata wateja watano. Walifurahi, nasi tukawapa siku ya kuja kuchukua nguo. Watatu wengine tuligundua kwamba hawakusahau: walikosa pesa za kumalizia malipo, wakaona aibu kupita mbele ya mlango. Mama mkubwa aliwaita mmoja mmoja, akakubali walipe kidogo kidogo. Kwa miaka miwili walikuwa wakizunguka njia ya mbali ili wasionane naye, kumbe kilichowatenganisha kilikuwa mfuko mmoja chini ya mingine.

Mfuko wa tisa ulikuwa wa mama aliyekwisha kufariki. Tulimpelekea binti yake kile kitambaa, cha sikukuu ya 8 Machi ya mwaka uliopita zamani kidogo. Nilidhani angekipokea kitambaa kwanza. Aliomba karatasi. Alisoma zile namba, kifua 104, kiuno 92, nyonga 116, akazirudia kwa sauti ya chini, akaikunja karatasi na kuiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Baadaye alikuja kupimwa, na mama mkubwa akamshonea kitambaa kile bila kudai kitu zaidi ya arbuni iliyokuwa imetolewa na marehemu.

Mifuko miwili iliyobaki ni ya watu waliohama kwa sababu ya vita, na simu zao hazipatikani. Mimi nilipendekeza wapewe wahitaji. Mama mkubwa alikataa: “Cha kwangu nitatoa. Cha mtu nitakitunza.” Aliifunga upya, akaandika jina na tarehe, akaiweka rafu ya juu. Kila Julai itashuka, ianikwe juani, irudi mahali pake.

Leo chumba kina viti vinne. Mikasi ya kitambaa imetundikwa ukutani, na mwiko ni mmoja: isikate karatasi, maana karatasi huondoa makali. Vinavyotumika kila siku viko mahali mkono unapofika. Vya msimu viko juu. Ukutani kuna misumari minane ya kutundikia kazi za wateja, kila mfuko na karatasi yake: jina, namba ya simu, arbuni, siku iliyoahidiwa. Misumari ikijaa, kazi mpya haipokewi mpaka mmoja uwe wazi. Mwanzoni niliona kwamba atapoteza wateja. Nilichoona baadaye ni kwamba ahadi zake zimeanza kutimia kwa tarehe yake. Kila Jumamosi jioni wasichana hutumia robo saa kurudisha kila kitu kwao, na hilo ndilo neno la tano, shikilia, lililo gumu kuliko mengine manne.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, tunasoma habari za Tabita wa Yopa, aliyeitwa pia Dorkasi. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa hai. Naufikiria mara nyingi ushahidi ule. Hakuna aliyemwongoza Petro kwenye ghala la vitambaa. Waliyoyaonyesha yalikuwa mavazi yaliyokwisha kushonwa, ambayo tayari yalikuwa mikononi mwa wenyewe.

Wapendwa vijana, wengi wenu hamna chumba cha kushonea. Lakini mna kabati, sanduku, pembe ya chumba, na kila mmoja ana kitu cha mwenzake alichoazima na ambacho kimefunikwa na vingine. Akiba ina jina, ina kipimo, ina siku yake ya kutumika. Ikiwa hivyo, methali ya wazee ni kweli, haiozi. Amana ina mwenyewe. Lundo halina kimojawapo cha hayo, ila lina uwezo wa kuvimeza vyote viwili. Katika mkutano wenu ujao, mwaweza kuulizana: nyumbani kwangu kuna nini ambacho si changu? Nani anazunguka njia ya mbali kwa sababu yake? Na nikitoa kilichozidi, nani atapata mahali pa kuketi?