Tulipokwenda Lamu Kuigawa Nyumba ya Shangazi



Wasomaji wetu watukufu, wiki iliyopita hatukuonekana katika ukurasa huu, na baadhi ya akina mama walitupigia simu kutuulizia. Tulikuwa Lamu. Hatukwenda kutembea, wala haukuwa msimu wa Maulidi. Tuliitwa na watoto wa shangazi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, tukawasimamie katika kugawa alichokiacha mama yao. Tuliyoyaona huko hatukuona vyema kukaa nayo peke yetu.

Tuliondoka Mombasa kwa basi usiku ungali usiku, sisi na mama watoto. Yeye alichukua mkoba mmoja. Sisi tulichukua mikoba miwili, boksi la vitabu, na mfuko wa kanzu tano kwa safari ya siku nane. Njia ni ndefu: Kilifi, Malindi, kisha kuuvuka Mto Tana pale Garsen, halafu Witu na Hindi, mpaka Mokowe ambako barabara inakwisha na bahari inaanza. Gatini, mchukuzi aliyeipokea mizigo yetu aliitazama, akatutazama na sisi, akauliza kwa adabu: "Sheikh, mwahamia?" Tulicheka. Mama watoto alicheka zaidi yetu.

Ukiufikia mji wa Lamu kwa mashua, unaziona kwanza nyumba za mbele, nyeupe, zimeegemeana kama watu walio katika safu ya swala. Mji huu wa mawe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni hutoka mbali kuja kuutazama. Lakini mgeni huona kuta kwa nje. Sisi tulikuwa tunakwenda kuona kilichomo ndani ya kuta hizo, na hilo ni jambo jingine.

Nyumba ya shangazi iko mtaa wa Mkomani, katika uchochoro ambao punda wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Ni nyumba ya kale. Unapita daka lenye mabaraza mawili, unaingia kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha misana miwili, mmoja nyuma ya mwingine, kisha ndani, ambako ukuta mzima ni zidaka zilizochongwa kwa chokaa. Humo katika zidaka zilipangwa sahani za kauri za Uchina, chetezo, mirashi, na mdila wa shaba ambao tulinyweshwa kahawa yake tukiwa watoto. Nyuma ya yote hayo kuna chumba kidogo chenye giza kiitwacho nyumba kati. Zamani wanawake wa nyumba walizalia humo, na maiti za nyumba zilioshewa humo.

Siku ya kwanza tulifungua milango ya makabati na vifuniko vya makasha, na tulipigwa na butwaa. Shangazi alikuwa mjane aliyeishi peke yake na mtoto wa kumsaidia kazi. Chakula chake cha usiku kilikuwa mkate wa mofa na chai. Lakini tulihesabu doti 64 za leso, nyingi hazijapata kukatwa wala kupindwa. Tulihesabu seti sita za vikombe zingali katika maboksi yake, chupa za chai tisa, masinia, mabakuli, mapazia ya harusi ambazo wenyewe wamekwisha kuwa na wajukuu, makopo matupu ya maziwa yaliyooshwa na kupangwa, na mkufu mzima wa funguo ambazo hakuna aliyejua zinafungua nini. Kila tulipouliza, binti mkubwa alijibu kwa maneno ya mama yake: "Kitafaa siku moja."

Tusimcheke marehemu. Watu wa rika lake waliona bidhaa zikiadimika, waliona meli zisije, na walijifunza kwamba mwenye akiba hasumbui jirani. Vingine alizawadiwa, na zawadi haitupwi. Vingine alivinunua kwa ajili ya arusi ya mjukuu ambaye hajazaliwa. Kila kimoja kiliingia kwa sababu njema. Kwa pamoja vilimwachia nafasi ya kitanda na mkeka wa kuswalia tu.

Watoto wake ni watatu: mwanamume mmoja, ambaye kazi yake iko Nairobi, na mabinti wawili. Kijana alitaka kila kitu kiuzwe. Siku ya pili alikuja na mfanyabiashara wa vitu vya kale, akaanza kuzitathmini sahani za zidaka kabla hata hatujamaliza kusoma Fatiha. Binti mkubwa hakutaka hata kopo moja litoke. Alivikumbatia vitu kama kwamba mama yake angali ndani yake. Binti mdogo alinyamaza. Tulikuja kujua baadaye alichokuwa akikingoja.

Jioni ile waliniletea kibweta cha mbao. Ndani yake mlikuwa na mafundo saba ya vitambaa, na katika kila fundo dhahabu: vikuku, mikufu, pete, kipini. Binti mdogo alilia kwa furaha. Alituambia kwamba mtoto wake amepata nafasi ya chuo na karo hawana, na kwamba watu wa mtaa siku zote walisema mama ana dhahabu. Nasi tulihukumu kama tulivyosomeshwa: kilichomo mkononi mwa mtu ni chake mpaka ubainike ushahidi mwingine. Tukasema kesho ipelekwe kwa sonara ipimwe, iingie katika mirathi.

Hapa ndipo tunapotaka kuungama kosa letu. Asubuhi ya siku ile, kwa kutaka kazi iende mbele, tulikuwa tumeamuru karatasi zote zitiwe magunia zikachomwe: risiti, kalenda za miaka iliyopita, bili za umeme, madaftari ya shule ya watoto ambao sasa ni wazee. Magunia matatu yalikuwa dakani yakingoja punda. Tulijiona wenye busara, tunaojua kipi cha kuwekwa na kipi cha kutupwa.

Baada ya Isha akaja bibi jirani, mwendo wake wa mkongojo, kutoa mkono wa taazia. Alikaa, akanywa maji, akauliza: "Mwanangu, daftari lake mumeliweka wapi?"

"Daftari gani, bibi?"

"La amana. Si nusu ya wanawake wa mtaa huu waliweka kwake."

Hatukuweza kumjibu. Mama watoto aliinuka bila kusema neno, akachukua taa, akaenda dakani. Alilikuta katika gunia la pili, chini ya kalenda: daftari la mwanafunzi, nyuma limechapwa jedwali la kuzidisha. Ndani yake shangazi alikuwa ameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni: jina la mwanamke, tarehe ya Hijria, kitu alichokiweka, na rangi ya kitambaa kilichokifunga. Palipokwisha kurudishwa aliandika neno moja: imerudi. Majina yalikuwa mengi. Saba tu hayakuwa na neno lile. Rangi saba, mafundo saba.

Wasomaji wetu, usiku ule hatukulala. Lau punda angalifika kabla ya bibi jirani, tungaligawa mali ya watu kwa jina la sheria, na marehemu angalikwenda mbele ya Mola wake na deni ambalo yeye mwenyewe alikwisha kulilinda maisha yake yote. Na mchomaji angalikuwa ni sisi.

Asubuhi tulianza upya, kwa utaratibu ambao dini yetu imeuweka na ambao tulipaswa kuuanza nao. Baada ya gharama za mazishi, kwanza hutoka haki za watu: amana na madeni, pamoja na zaka kama ilikuwa juu ya mtu naye hakuitoa. Pili hutoka wasia, usiozidi theluthi moja, wala hauwi kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Kinachobaki baada ya hayo ndicho mirathi. Kwa mwana mmoja na mabinti wawili, mali huwa mafungu manne: mwana mawili, kila binti moja. Atakayeanza na mirathi kabla ya haki za watu amegawa kisicho chake.

Wenye mafundo manne wangali hai papo mjini, wakaja mmoja mmoja. Mafundo mawili tuliwapa warithi wa wenyewe. Dhahabu ya shangazi, ile ambayo mtaa mzima ulimhesabia, ilikuwa vipuli viwili alivyovuliwa masikioni siku ya kuoshwa. Binti mdogo alilia tena, na safari hii hatukuwa na la kumwambia. Lakini fundo la saba, la kitambaa cha kijani, mwenyewe alikuwa wa Pate, na binti huyu ndiye aliyesema: "Hilo nitalipeleka mimi." Tukafuatana naye.

Mashua ya Pate hupita Mkanda, mfereji mwembamba baina ya Manda na bara, na hupita maji yakijaa tu. Tulingoja mpaka bahari iliporuhusu, tukateremka Mtangawanda, tukaingia njia ya miguu. Mji wa Pate wa leo ni mdogo, lakini pembeni yake yamelala magofu ya Pate ya zamani, mji uliotawala sehemu kubwa ya pwani hii. Watu wamelima tumbaku baina ya kuta. Zidaka zingali zinaonekana, zimechongwa vizuri kama za shangazi, nazo ni tupu. Haya ndiyo majumba aliyoyatazama Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoiandika Inkishafi, yapata miaka mia mbili iliyopita. Binti alisimama mbele ya kidaka kimoja muda mrefu, akatia mkono ndani, akautoa. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza.

Mwenye fundo alikwisha kufariki. Mrithi wake ni binti yake mmoja, naye ni mtu mzima sasa. Alipokifungua kitambaa na kuviona vikuku viwili vya mama yake, alikaa chini. Alisema kwamba katika maradhi yake ya mwisho mama alikuwa akilitaja jina la shangazi yetu usiku na mchana. "Tulidhani amemkumbuka rafiki yake," akasema. "Kumbe alikuwa akituusia."

Mwanamke yule hakujua kusoma wala kuandika. Amana yake ilirudi kwa sababu mwenzake aliandika.

Tuliporudi Lamu, mioyo ilikuwa imelainika. Kijana alipopewa doti zake 32 za leso alisema, "Mimi nitazivaa wapi?" Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu matanga, naye akazitoa zigawiwe wajane. Vyombo vipya katika maboksi viliuzwa, na fungu la binti mdogo likatosha karo ya muhula mmoja. Ya mingine Mungu ataleta. Sahani za zidaka hazikwenda kwa mfanyabiashara. Binti mkubwa alikubali zihesabiwe katika fungu lake, akayaachia makopo yake yakatupwa. Juzuu na misahafu iliyochakaa haikutiwa taka. Tuliizika mahali safi pasipokanyagwa. Na daftari? Kila mmoja alilitaka. Liliwekwa katika kidaka cha kati, pale palipokuwa na kibweta.

Kabla ya kuondoka tuliingia nyumba kati. Ndicho chumba pekee ambacho hatukuwa na la kuhesabu. Ndimo alimozaliwa shangazi, na ndimo alimooshwa. Baina ya mara mbili hizo alikusanya vyote tulivyovigawa, na hakuingia navyo wala hakutoka navyo. Suratut Takaathur, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema kwa sababu ni aya nane tu, inatuonya juu ya kushughulishwa na wingi mpaka makaburini. Tumeisomesha kwa miaka thelathini. Mle ndani tuliiona.

Akina mama wasomaji wetu, tuna maneno machache ya kuwaachia. Chukueni daftari leo. Andikeni kilicho chenu, kilicho cha watu kwenu, na kilicho chenu kwa watu. Mwambieni mmoja katika nyumba daftari liko wapi. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tusilale hata siku mbili bila ya wasia ulioandikwa, ikiwa tuna cha kuusia. Dhahabu mnayoivaa kwa kadiri ya ada haina zaka kwa madhehebu yetu ya Shafi, ingawa wako wanazuoni wanaoiwajibisha. Lakini iliyofungiwa sandukuni kuwa akiba, ikifika gramu 85 na kupitiwa na mwaka, ina haki ya maskini ndani yake. Na zaka ya amana ni juu ya mwenyewe, si juu ya mwekaji. Leso isiyokatwa mwaka wa tatu, mpe atakayeikata. Wala msichome karatasi ya mzee kabla ya kuisoma.

Nasi tulipofika nyumbani Mombasa tulifungua kabati letu. Tulikuta vitabu vinne vya watu, kimoja tulikiazima kabla ya kuoa. Viwili vimekwisha kurudi. Viwili wenyewe wamefariki, na tunawatafuta warithi wao. Mama watoto ameandika majina yao katika daftari jipya, na mbele yake ameacha nafasi ya neno moja.

Mwenyezi Mungu amrehemu shangazi yetu, azirehemu maiti zetu zote, na atujaalie tuondoke duniani hali haki za watu zimekwisha kurudi. Amin.