Jikoni marufuku: Likizo ya mpira wa vibao Kamachumu

Mpira wa kwanza ulipigwa kwenye mchanga wa ufukwe wa ziwa mjini Bukoba, na haukudunda. Ulitua, ukazama kidogo, ukatulia kama yai kwenye kiota. Kijana wa miaka 13 aliutazama, akamtazama baba yake, kisha akaingiza mkono mfukoni na kutoa simu.

Ilikuwa katikati ya Desemba. Familia hiyo ya watu wanne, baba, mama, kijana huyo na mdogo wake wa kike wa miaka tisa, ilikuwa imeteremka asubuhi kwenye meli ya usiku kutoka Mwanza. Walikuwa wakisubiri gari la kuwapeleka Kamachumu, wilayani Muleba, kwa bibi wa watoto. Ndani ya begi la baba mlikuwa na vibao viwili na mipira minne ya plastiki yenye matundu, zawadi ya shangazi wa watoto anayeishi Marekani. Shangazi alituma na ujumbe wa sauti kwenye simu: huku wazee na wajukuu wanacheza pamoja, jaribuni na Mama.

Mchezo wenyewe unaitwa pikoboli. Ambaye hajawahi kuuona afikirie uwanja mdogo kuliko wa tenisi, wavu usiofika kifuani, kibao kikubwa kuliko kile cha mpira wa meza, na mpira mwepesi ambao hauendi mbali hata ukipigwa kwa hasira. Uzito wake ni kati ya gramu 22 na 26. Mpira wa tenisi ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Wepesi huo ndio uliowaponza ufukweni. Ukiacha mchanga, kulikuwa na upepo. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo wa Ziwa Victoria hutoka majini kuja mjini. Mtu aliyekaa kivulini akitazama Kisiwa cha Musira huufurahia. Mtu anayejifunza pikoboli huukimbiza mpira wake hadi kwenye mawe. Baba akahamishia jeshi lake viwanja vya Gymkhana. Huko upepo ulikuwa na nafuu, lakini nyasi zilikuwa zimelowa mvua ya alfajiri, na mpira ulikufa palepale ulipotua. Mama akasema wapande gari waende, maana bibi atakuwa amepika.

Huenda wangeacha kabisa kama baba asingekuwa amesoma, usiku ule melini, jinsi mchezo huo ulivyoanza. Ulianza kwa wazazi waliokwama na watoto waliochoshwa na likizo. Mwaka 1965, katika Kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, mwanasiasa Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walirudi nyumbani kutoka kucheza gofu wakakuta familia zao hazina la kufanya. Uani kulikuwa na uwanja wa mpira wa vinyoya, lakini vifaa kamili havikupatikana. Wakachukua vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kupiga. Walipoona mpira unadunda vizuri kwenye lami, wakaushusha wavu. Baadaye jirani yao, Barney McCallum, akakata vibao vya mbao vikubwa zaidi. Hadi leo uwanja wa pikoboli una vipimo vilevile vya uwanja wa vinyoya wa watu wanne: mita 13.4 kwa 6.1.

Kwa hiyo kukosa vifaa kulikuwapo tangu mwanzo wa mchezo huu. Baba alilishika hilo.

Walipofika Kemondo, bandari iliyo kusini mwa Bukoba, aliomba gari lisimame, akateremka hadi mwaloni. Alirudi na kipande cha wavu chakavu wa dagaa kilichofungwa kama mkate. Kinanuka? Kinanuka. Dereva alikifunga juu ya gari, na safari ikaendelea hadi Muhutwe, wakaacha barabara kuu na kuanza kupanda kwenda Kamachumu.

Kupanda huko kuna uzuri wake. Ziwa linabaki nyuma na chini, migomba inasogea hadi ukingoni mwa barabara, halafu ghafla inatokea rweya, ile nyika ya majani isiyo na mti, na upepo unaingia dirishani. Upande huu wa Muleba ndiko iliko Kashasha, ambako Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walianza kucheka wakashindwa kuacha. Hali hiyo ikaenea kwa wenzao, shule ikafungwa mwezi Machi, na vijiji vya jirani, Nshamba kikiwamo, vikaguswa. Wataalamu waliieleza kuwa ni mshtuko wa nafsi, wala si furaha. Mtoto wa miaka tisa alipoelezwa habari hiyo alicheka, kisha akajiziba mdomo.

Bibi aliwapokea mlangoni. Watoto walimpa shikamoo, akawashika vichwa mmoja mmoja, kisha akauliza wamekuja kwa njia gani. Aliposikia ni meli alinyamaza kidogo. Watu wengi wa umri wake mkoani Kagera hawajaisahau tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza. "Mngekuja kwa basi," alisema, kisha akaenda kuepua ndizi.

Siku tatu za kwanza zilikwenda kama zinavyokwenda katika nyumba nyingi wakati wa likizo. Mvua ilinyesha asubuhi. Kijana alikaa barazani na simu, baba alikaa ndani na simu yake, akisema ni kazi. Bibi, mjane wa miaka 68, alipita katikati yao na ungo. Anakijua Kiswahili vizuri, ila utani wake wote uko kwa Kihaya, na wajukuu waliozaliwa Dar es Salaam hawakijui. Kwa hiyo waliulizana habari za shule, wakamaliza.

Siku ya nne jua lilitoka. Fundi seremala wa kijijini alikata vibao viwili zaidi vya plaiwudi kwa kufuatisha vile vya Marekani, akazungushia mpini kitambaa cha mpira wa ndani wa baiskeli. Uwanja ulipimwa mbele ya nyumba, pale udongo umefagiliwa miaka na miaka hadi umekuwa mgumu kama sakafu. Mipaka ilichorwa kwa majivu. Wavu wa dagaa ulifungwa kwenye nguzo mbili, sentimita 91 pembeni na 86 katikati, kama inavyotakiwa. Urefu haukutimia, kwa sababu kwenye kona moja kuna mti wa kahawa na bibi alisema wazi kuwa hakuna mchezo unaokata kahawa. Mstari ukarudishwa ndani mita mbili. Pande tatu migomba ya kibanja ilisimama kama ukuta, na upepo uliowashinda Bukoba haukuwafikia.

Mpira ukadunda. Si kwa kimo cha kwenye saruji, lakini ulidunda.

Anayeanza anahitaji kushika mambo machache tu. Mpira unaanzishwa kwa mkono wa chini, usizidi kiuno, ukivuka kwa mshazari. Ukianzishwa lazima udunde upande wa pili kwanza, na ukirudishwa lazima udunde tena upande wa walioanzisha. Baada ya hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuupiga ukiwa bado hewani. Sharti hilo la kudunda mara mbili linamnyima mwenye nguvu nafasi ya kumaliza mchezo mapema, na linampa mgeni muda wa kujipanga. Alama anapata anayeanzisha peke yake, na mshindi ni wa kwanza kufika 11 akiwa amezidi kwa mbili.

Halafu kuna jikoni. Ndivyo Wamarekani wanavyoliita eneo la mita 2.13 kila upande wa wavu. Ukisimama jikoni huruhusiwi kuupiga mpira ukiwa hewani. Ukidunda humo unaweza kuingia, ukapiga, ukatoka. Baba alipoeleza kwamba jikoni ni marufuku, bibi alicheka hadi akaweka ungo chini. Akauliza kama ni wanaume ndio waliotunga sheria hiyo. Mama mkwe na mkwe wake waliangaliana.

Bibi alipewa kazi ya mwamuzi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, ungo wa senene magotini, akawanyonyoa mabawa na miguu bila kuwatazama huku macho yakifuata mpira.

Kilichoharibu siku hiyo ni baba. Aliwahi kucheza tenisi ya meza chuoni na mkono wake ulikumbuka. Alipoona mpira umeinuka aliupiga kwa nguvu zote, na kijana, aliyekuwa bado anajifunza kushika kibao, alipigwa kifuani mara mbili. Mara ya tatu mpira ulimpita ukaingia kwenye migomba. Kijana aliweka kibao chini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akarudi barazani kwenye simu.

Hakuna aliyesema kitu. Kisha bibi akasema, bila kuacha kunyonyoa, "Mwanangu, wewe unacheza na nani?"

"Na mtoto, Mama."

"Mtoto yuko wapi?"

Baba alitazama upande wa pili wa wavu. Wazazi wengi watakaosoma hapa wanaijua hali hiyo. Mtu mzima anapojifunza jambo jipya mbele ya watoto wake huogopa kuonekana hajui, basi hukimbilia lile analoliweza, hata kama si lenyewe. Katika pikoboli hilo huonekana haraka. Anayepiga kwa nguvu huona raha siku ya kwanza, kisha anakwama, maana mchezo wenyewe uko kwenye mpira wa polepole unaovuka wavu kwa shida na kudondoka jikoni kwa mwenzako, ambaye hawezi kuufyatua. Wanaoujua hupiga mipira kumi ya namna hiyo wakisubiri mmoja uinuke.

Baba alikwenda barazani. Walichozungumza na mwanawe hakikusikika uwanjani. Baadaye kijana alikwenda kuutafuta mpira uliopotea. Ulikuwa umeviringika hadi kwenye kaburi la babu, ndani ya kibanja, kama desturi ya Wahaya ilivyo. Alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ya mazishi, miaka miwili iliyopita. Alisimama muda mrefu kuliko muda wa kuokota mpira. Bibi alimwona, na safari hii mikono yake iliacha kunyonyoa.

Kesho yake bibi alivaa raba za mkwewe akaingia uwanjani. Shuleni alikuwa mchezaji wa netiboli, na waliocheza netiboli au rede wana faida: macho yamezoea mpira na miguu inajua kusimama. Kitu kimoja alikatazwa, na kila mzazi amkataze mzee wake na ajikataze mwenyewe: kurudi kinyumenyume akiufuata mpira uliomzidi. Hapo ndipo watu huanguka na kuvunjika mikono. Mpira ukipita juu, geuka ndio uufuate, au uache uende. Kandambili nazo zilibaki mlangoni.

Walipangwa bibi na kijana upande mmoja, baba na mama upande wa pili, binti mdogo akawa mwamuzi. Bibi aligoma kuhesabu kwa Kiswahili. Alisema "ibili" badala ya mbili, "ishatu" badala ya tatu, na kijana asiporudia kwa matamshi sahihi alikataa kuanzisha. Kabla ya Krismasi kijana alikuwa anafika kumi bila kukosea. Alama zikifika "mushanju", saba, bibi alikuwa anamnong'oneza jambo, na lazima lilikuwa la kumcheka baba, kwa sababu wote wawili walikuwa wakimtazama yeye.

Walishinda michezo mingi, na siri yao ilikuwa jikoni. Bibi hana nguvu za kufyatua, basi kila mpira aliudondosha hapo, nyuma kidogo ya wavu wa dagaa. Baba alikimbilia mbele, akachelewa, akakanyaga majivu. "Jikoni!" binti alipiga kelele kila mara, hata pale ambapo halikuwa kosa.

Habari zilienea. Watoto wa jirani walijaa kwenye ukingo wa migomba, na ikabidi kufikiriwa mahali pakubwa zaidi. Uwanja wa netiboli wa shule una urefu wa mita 30.5 na upana wa 15.25, na tayari umegawanywa sehemu tatu. Kila sehemu inaingia uwanja mmoja wa pikoboli ukilazwa kwa upana, ingawa nyuma ya mstari inabaki chini ya mita moja na mtu asiyejihadhari atagongana na wa jirani. Inabaki kumwona mwalimu mkuu na kumwomba ruhusa. Kazi hiyo bibi alisema aachiwe yeye, kwa kuwa mwalimu huyo alimbeba mgongoni.

Siku ya kuondoka, mwanzoni mwa Januari, baba alianza kuufungua wavu. Bibi, aliyekuwa akiwafungia wageni kahawa na senene wa kukaanga, aliinua kichwa.

"Huo uache hapohapo."

Vibao vya Marekani vilirudi Dar es Salaam. Vile vya fundi vilitundikwa ukutani, pembeni ya picha ya babu, na mipira miwili ikabaki kwenye ungo juu ya kabati. Garini, kabla ya kufika Muhutwe, kijana alitoa simu mfukoni. Alikuwa anampigia bibi kumuuliza kumi na moja inasemwaje.