Kila Mto Una Kwao

Mtu anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Nyangezi hushuka mlima mrefu uitwao Ngomo. Barabara ni nyembamba, tena inapinda-pinda. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde lenye kina. Madereva wenye akili hushuka polepole. Mwishowe mlima unakwisha, hewa ya baridi inabaki nyuma, na mbele ya macho unatandazwa uwanda mpana wa Ruzizi. Mguuni pa mlima huo ndipo ilipo Kamanyola. Karibu na hapo nchi tatu zinakutana: Kongo, Rwanda na Burundi.

Watoto wa Kamanyola hukua kati ya mito. Upande wa mashariki unapita Ruzizi, mto mkubwa. Upande wa magharibi milima inateremsha vijito vingi. Vijito hivyo vinaruka mawe, vinaanguka katika maporomoko, kisha vinafika uwandani na kunywesha mashamba ya mpunga na mihogo. Wakati wa kiangazi maji yake ni machache na maangavu, hata mtoto huvuka bila kulowesha magoti.

Basi si ajabu vijana wakitamani kupanda huko siku za likizo, kupiga hema na kulala usiku mmoja au miwili. Kule juu kuna kivuli, kuna ubaridi mzuri, na usingizi ni mtamu kuliko katika joto la uwandani. Lakini mto wa mlimani ni kama mwenye nyumba. Una tabia yake. Mgeni mwenye busara huuliza habari za mwenye nyumba kabla ya kulala kwake.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: mto huu unatoka wapi?

Swali hilo liliwasumbua hata wasafiri wa zamani. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Walitaka kujua kama Ruzizi unatoka katika ziwa Tanganyika au unaingia humo. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia. Wageni hao hawakufika mdomoni pa mto, wakarudi bila kuona kwa macho, na huko Ulaya watu waliendelea kubishana. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafuata pwani ya ziwa kuelekea kaskazini, wakilala kambini njiani. Walipofika mdomoni pa Ruzizi walitazama, wakaona maji yanaingia ziwani. Wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo.

Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu, pale Bukavu, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari. Unaingia Tanganyika kwenye kimo cha mita 770 hivi. Maana yake, maji yanashuka karibu mita 700. Sehemu kubwa ya mshuko huo iko juu ya Kamanyola, katika makorongo, ambamo mto unapiga kelele na kutoa povu. Wataalamu wa mawe wanasema kwamba zamani sana maji ya Kivu yalikwenda upande wa kaskazini. Milima ya moto ya Virunga ikaifunga njia hiyo. Maji yakapanda, yakatafuta njia nyingine, yakaipata upande wa kusini. Ndiyo Ruzizi wa leo.

Watu waliona nguvu ya mto huo wakaitumikisha. Baraji ya kwanza, Ruzizi I, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ya pili, Ruzizi II, ilianza kutoa umeme mwaka 1989, nayo ni ya nchi zote tatu pamoja. Mtu aliye ufukoni chini ya baraji asisahau jambo moja: wafanyakazi wakifungua milango, maji hupanda hata siku ya jua kali.

Sasa, mvua kubwa ikinyesha Bukavu usiku mmoja, Ruzizi hufanyaje? Ziwa Kivu ni kama ghala kubwa. Maji ya mvua yanaingia ghalani, yanatandaa juu ya ziwa lote, na ziwa linapanda kidogo tu. Kisha ghala linayatoa maji polepole, siku baada ya siku. Kwa hiyo ziwa halimrukii mtu gizani. Ruzizi una hatari nyingine: mkondo wenye nguvu katika makorongo, na mamba na viboko kule chini uwandani. Hatari hizo watu wanazijua, nao wanauogopa mto huo.

Lakini kijito cha mlimani hakina ghala. Kinatoka mgongoni mwa mlima mkali, na njia yake ni fupi. Mvua ikianguka kule juu, maji hayana mahali pa kupumzika. Yanashuka yote pamoja, yakichukua udongo, magogo na mawe makubwa. Pale ambapo miti imekatwa yanashuka haraka zaidi, kwa sababu hakuna mizizi ya kushika udongo wala majani ya kuvunja nguvu ya mvua. Kijito kilichofika kisiginoni jioni huweza kufika kifuani usiku. Tena mvua yenyewe huenda isinyeshe kambini. Mtu anaweza kulala chini ya nyota huku mlima unaoga.

Hivyo watu huogopa mto mkubwa na kudharau mdogo. Usiku, mara nyingi wa kuogopwa ni huo mdogo.

Watu wa Uvira wanalijua jambo hili kwa machozi. Mji wao umebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, na katikati yake unapita mto Mulongwe. Siku nyingi Mulongwe ni mto wa kufulia nguo. Mwezi wa Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani. Mulongwe ukatoka katika njia yake, ukaingia mitaani. Watu makumi walikufa, na nyumba maelfu ziliharibika. Kaskazini zaidi, katika eneo la Kalehe, ng'ambo ya Bukavu kwa kufuata pwani ya magharibi ya ziwa Kivu, jambo kubwa zaidi lilitokea tarehe 4 Mei 2023. Vijito vilivyoshuka kutoka milimani viliwapiga watu wa Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Waliokufa walizidi 400. Wengi wao hawakuwa wamefanya jambo la ujinga. Walikuwa nyumbani kwao au katika kazi zao. Ikiwa maji yanaweza kuvunja nyumba ya matofali, hema la kitambaa litafanya nini?

Na afikiriwe mwalimu wa Kamanyola anayepeleka wanafunzi wake mlimani wakati wa likizo. Wamepanda tangu asubuhi, wamechoka, na sasa wanafika penye maporomoko mazuri. Chini yake kuna mchanga mweupe, sawa kama mkeka. Watoto wanaanza kutua mizigo. Mzee mmoja wa mahali hapo anapita na mbuzi zake.

"Shikamoo, mzee," anasema mwalimu.

"Marahaba, mwalimu. Mnataka kulala wapi?"

"Hapa mchangani, mzee. Ni pazuri, hapana hata jiwe moja."

"Ni pazuri kweli. Na mchanga huu, nani aliuleta hapa?"

Mwalimu anatazama mchanga, kisha anatazama mto. Ananyamaza. Mzee ananyosha fimbo yake juu. Katika matawi ya mti, juu kuliko kichwa cha mtu mzima, majani makavu na vijiti vimekwama.

"Ndege hawakujenga pale," anasema mzee. "Ni mto uliyaweka, katika mwezi wa nne. Hapa ni kitandani pake. Mkilala kitandani pa mtu, akirudi atawaamsha."

Mwalimu anamshukuru, naye anahamisha watoto mpaka juu ya ukingo, mahali palipoinuka, mbali na alama za maji. Mahali hapo pana mawe machache ya kuondoa, na watoto wengine wananung'unika. Mwalimu anawaonyesha yale majani makavu mtini, nao wananyamaza.

Anaangalia na jambo la pili: njia ya kurudi nyumbani iko upande gani wa mto? Kambi yafaa iwe upande ule ule wa njia. Watu waliotengwa na mto uliojaa hushawishika kuvuka, na maji yaendayo kasi, yakifika magotini tu, huweza kumwangusha mtu mzima. Aliyefungiwa na maji akae alipo, mahali pa juu, angoje. Vijito hivi hujaa upesi, lakini pia hupungua upesi.

Sauti ya maporomoko hufurahisha, tena hulaza. Lakini mtu aliyelala karibu nayo mno hasikii kitu kingine. Hasikii mtoto anayeita, wala mto unaobadilika sauti. Kwa sababu hiyo hema liwe mbali kidogo, mahali ambapo watu wanaweza kusemezana bila kupiga kelele. Mawe ya maporomoko yana utelezi wa kijani, hata yakionekana makavu. Dimbwi lililo chini yake huzungusha maji na kumvuta mtu chini.  Watoto wasipande mawe yale, wala wasiruke dimbwini.

Maji ya mlimani ni maangavu, lakini uangavu si usafi. Ng'ombe wanakunywa juu, na watu wanafua juu. Watu wa Uvira na wa pwani ya Tanganyika wameugua kipindupindu mara nyingi, nao wanajua kwamba ugonjwa huo hauonekani ndani ya kikombe. Basi maji ya kunywa yachotwe upande wa juu wa kambi, yachemshwe mpaka yatokote. Kuoga na kuosha vyombo kuwe upande wa chini. Choo kichimbwe mbali na mto, kisha kifukiwe. Mafiga ya moto yasiwe mawe yaliyotolewa mtoni, kwa maana jiwe lenye maji ndani yake likipata moto huweza kupasuka na kuumiza macho.

Usiku mwalimu anapanga zamu. Wawili wanakesha, wengine wanalala. Wanaokesha hawangoji simba. Wanautazama mto. Maji yakigeuka mekundu kwa udongo, yakileta majani na vijiti, au sauti yake ikizidi, wanawaamsha wote. Hata maji yakipungua ghafula ni ishara mbaya, kwa sababu huenda mlima umeporomoka huko juu na kuufunga mto, nao utakapovunja kizuizi utashuka wote. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Wenye zamu hutazama mawingu yaliyo juu ya chimbuko la mto, si yale tu yaliyo juu ya hema.

Kazi hii ya kujifunza chini ya hema ina historia yake. Mwaka 1907 Mwingereza Baden-Powell alichukua vijana ishirini hivi kambini katika kisiwa cha Brownsea, na hapo ndipo uskauti ulianza. Alimaliza maisha yake Afrika ya Mashariki. Alikufa Januari 1941, na kaburi lake liko Nyeri, mbele ya mlima Kenya. Aliwafundisha vijana neno moja fupi: kuwa tayari.

Tena si kila kambi ni ya furaha. Wachungaji hulala karibu na vijito hivi kwa sababu ya ng'ombe. Wachuuzi hulala hapo wakishuka kwa miguu kutoka nyanda za juu kwenda sokoni. Mwezi wa Februari 2025 vita vilifika Kamanyola, na watu wengi wa uwanda huo walivuka Ruzizi kukimbilia Burundi. Wengine hawakufika ng'ambo, mto uliwachukua. Mtu anayekimbia hachagui siku wala kivuko. Lakini mtoto aliyejifunza wakati wa amani mahali pa kulala, maji ya kunywa na alama za mto, atakuwa na kitu cha kuwapa wenzake siku ya shida.

Asubuhi, ikiwa usiku ulikuwa mwema, watoto wanazima moto kwa maji na udongo mpaka majivu yawe baridi. Wanaokota takataka zao zote. Kabla ya kushuka, mwalimu anawapandisha kidogo kufuata kijito, ili waone wenyewe kinakotoka. Wanakuta mlima, nyasi, mashamba materemkoni, na mahali ambapo miti imebaki michache. Hakuna ziwa. Wanatazama chini, wanaona kambi yao ya jana, na mchanga ule mweupe ambao walitaka kuulalia.