Pale Palipokuwa na Kibanda cha Marklee

Wahenga walinena kwamba fedha ni fedheha. Neno hilo lina mfano wake katika Markleeville, kijiji kidogo cha watu wapatao 200, kilichomo katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California, nchini Marekani.

Mwaka 1861, Jacob Marklee alijenga daraja juu ya kijito kinachomwaga maji yake katika Mto Carson. Njia hiyo ilipitwa na magari ya kukokotwa na wanyama, yakielekea kwenye machimbo ya fedha, na kila aliyevuka alilipa ushuru. Tarehe 23 Juni 1862, Marklee aliandikisha ekari 160 katika wilaya ya Douglas, upande wa Nevada. Lakini mpaka ulipopimwa, ardhi hiyo ilionekana imo California. Hati ikawa upande mmoja, shamba upande wa pili. Nao watu wa kabila la Washoe, waliokaa milimani humo tangu kale, hawakuwa na hati yoyote, wala hawakuombwa idhini.

Mwaka 1863, Marklee aliuawa katika mapigano ya bunduki. Hakuwahi kuuona mji uliopewa jina lake.

Mwaka uliofuata wilaya ya Alpine iliundwa, na makao yake yakawekwa Silver Mountain, mji wa wachimbaji. Watu walikimbilia huko kwa matumaini makubwa. Fedha ilipopungua thamani, nao wakapungua. Na mwaka 1875 makao ya wilaya yakahamishiwa Markleeville. Leo, katika mji ule uliovuma, lililo wazi kwa macho ni magofu ya gereza la mawe.

Mwaka 1928, Markleeville ilijengewa mahakama ya mawe, papo hapo palipokuwa na kibanda cha Marklee. Mwezi Julai 2021, moto mkubwa wa msituni uliwalazimisha wakazi kuhama kwa muda, na baadhi ya nyumba za eneo hilo ziliteketea, mahakama ilisalimika.

Machimbo yamenyamaza, na magari yale hayapiti tena. Lakini mahali alipoishi mtu aliyekatishwa maisha kwa risasi, ndipo raia wanapopeleka mashauri yao, yakasikilizwa na kuamuliwa kwa maneno. Huo ndio utajiri uliobaki mlimani, nao hauchimbwi, hulindwa.