Pa Kushika

Wanasayansi wanaojaribu kuotesha ngozi au gegedu kwa ajili ya wagonjwa hutumia kitu kiitwacho haidrojeli. Ni wavu wa nyuzi nyembamba mno uliojaa maji, na katika aina nyingine maji hupita asilimia 90. Ni laini kama mwili wenyewe. Hata hivyo, juu ya haidrojeli nyingi seli hubaki duara kama tone kwenye jani la mgomba, isishike popote.

Sababu ni kwamba seli hushika protini. Kwa hiyo watafiti huipaka haidrojeli kolajeni au fibronektini, na kuifunga kwa kemia isije ikaoshwa. Ndipo seli hujitandaza, hushika na kuongezeka. Mwaka 1984, huko California, Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba kipande kidogo sana cha fibronektini chatosha. Kiini chake ni asidi amino tatu, katika protini yenye zaidi ya elfu mbili.

Seli za aina nyingi zikikosa pa kushika hufa, hata chakula kikiwepo. Mwaka 1994 kifo hicho kilipewa jina la Kigiriki, anoikisi. Sisi tuliokariri Kigiriki chuo cha theolojia tuliona ndani yake oikos, nyumba. Ni kufa kwa kukosa nyumba. Shina hilo hilo limo katika Waefeso sura ya 2, Paulo anapowaambia waliokuwa wageni kwamba sasa ni jamaa wa nyumba ya Mungu.

Usharika nao waweza kuwa laini, wenye kwaya tamu na tabasamu mlangoni, na bado mgeni akateleza akaenda zake. Wako vijana tuliowabariki kipaimara ambao leo hatujui wanasali wapi.

Sisi wenyewe tulipofika mjini kwa masomo, tuliketi benchi la nyuma Jumapili kadhaa. Mama mmoja mzee akatuuliza jina. Juma lililofuata akatuita kwa jina hilo, akasema jumuiya yao hukutana Alhamisi, na macho yake yamechoka, anahitaji wa kumsomea Neno. Jina, siku na kazi: vitu vitatu tu, nasi tukashika.

Katika ubatizo Mungu ndiye aliyetushika kwanza. Lakini hupenda kushika watu kwa mikono ya watu. Jumapili hii tutazame benchi la nyuma.