Amana ya Maandishi

Nilipoajiriwa ukarani katika ofisi ya wakili mmoja mjini Tanga, mwishoni mwa miaka ya 1970, siri ya mtu ilikuwa katika karatasi, na hifadhi ya karatasi ilikuwa kasha la chuma lenye makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa wakili na wa pili kwa karani mkuu, hata wasia wa marehemu, hati za mashamba ya minazi ya Pangani na mikataba ya nyumba za Ngamiani zikawa hazitazamwi na yeyote ila wawili hao wahudhurie pamoja. Makarani wazee waliopata kutumikia makampuni ya katani walinihadithia hila nyingine, ya kale zaidi: bei ilipopelekwa Ulaya kwa simu ya maandishi iliandikwa kwa maneno ya kitabu cha mafumbo, na kile cha Bentley cha mwaka 1906 kilikuwa mashuhuri miongoni mwa vitabu hivyo, ili ada ipungue na mpita njia asifahamu. Lakini kitabu kiliuzwa, na aliyekinunua alisoma yote.

Kompyuta zilichelewa kutufikia, kwa sababu serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini mwaka 1974, na ofisi yetu haikuipata ya kwanza ila katika miaka ya 1990. Tulifurahi mno kuambiwa kwamba hati yaweza kupewa neno la siri. Ilinichukua muda kutambua kuwa maneno hayo si ya aina moja: liko linalomzuia mtu kubadili maandishi tu, naye huku akiyasoma apendavyo, na liko linaloyasimba maandishi yenyewe, yakawa herufi zisizo maana kwa asiye na ufunguo. La kwanza ni pazia. Aliyelidhani mlango alijidhulumu.

Hata la pili lilikuwa dhaifu. Programu ya Word, tangu toleo la mwaka 1997 hadi lile la 2003, kwa kawaida yake ilisimba kwa ufunguo wa biti 40, kwa kuwa sheria za Marekani za enzi ile zilizuia funguo zenye nguvu kuuzwa nje. Funguo za kiasi hicho hupita kidogo trilioni moja, na mashine inayojaribu milioni moja kwa kila sekunde huzimaliza zote katika siku zisizotimia 13. Faraja ilikuja na kanuni ya usimbaji ya AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2001, na toleo la Word la 2007 likaitumia kwa biti 128.

Nilipomweleza hayo bibi mmoja wa Chumbageni aliyetukabidhi wasia wake, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na Mungu akikuchukua wewe, mwanangu, wajukuu zangu watafunguliwa na nani?” Swali lile lilikuwa na maana kuliko yote niliyosoma, kwani kasha la chuma huvunjwa na fundi, ila hati iliyosimbwa barabara, neno lake likipotea, nayo imepotea. Tangu hapo kila neno la siri la wasia huwekwa kwa waaminifu wawili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewajibisha kila ahifadhiye habari za watu kuzilinda, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ningali naona hati ikipelekwa kwa simu na neno lake la siri likiifuata papo hapo katika ujumbe uleule. Vijana wa ofisini nimewazoeza kulitamka neno hilo kwa mdomo, kwa mwenyewe, baada ya kuijua sauti yake.